Dola 340 kwenye ripoti, dola 198 benki: pesa za afilieti hupotelea wapi?

Tuseme una tovuti inayochambua simu na vyombo vya jikoni, yenye linki za afilieti, yaani za maduka yanayokulipa kamisheni msomaji akinunua kupitia kwako. Mwisho wa Novemba, ripoti ya mtandao wako wa afilieti, kampuni inayokuunganisha na maduka hayo, inaonyesha kamisheni ya dola 340. Unaanza kupanga matumizi. Inafika Februari, benki inaingia dola 198. Wazo la kwanza ni kwamba umeibiwa, na ukiuliza kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya watu wa kazi hii, wengi watakuunga mkono kabla hujamaliza kueleza.

Huenda ni kweli umeibiwa. Lakini kati ya 340 na 198 kuna matatizo kadhaa yasiyofanana, na kila moja lina mhusika wake na ushahidi wake. Kamisheni inaweza kufutwa na duka. Inaweza kuidhinishwa, kisha duka likachelewa kuukabidhi mtandao pesa. Inaweza kulipwa ikakatwa njiani. Na kuna mauzo ambayo hayakuwahi kuingia hata kwenye ile 340, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote kwa sababu hakuna anayeyalilia. Ukiyaita yote wizi, barua yako ya malalamiko itamfikia mtu asiyehusika, atakujibu sentensi mbili alizozinakili, na miezi itakatika.

Kinachoyaunganisha ni jambo moja: katika biashara hii, anayedaiwa ndiye anayeandika daftari la deni. Wakala, yaani wewe mwenye tovuti, analeta mteja, lakini kliki inaandikwa na mtandao, mauzo yanaripotiwa na duka, na uamuzi wa kama mauzo hayo yanastahili kamisheni ni wa duka pia. Wakala anapewa nakala ya kusoma tu. Dalali wa nyumba wa Kariakoo au Eastleigh angalau anawaona mpangaji na mwenye nyumba wakielewana. Wakala wa mtandaoni anamsindikiza mteja hadi mlangoni, mlango unafungwa, kisha anasubiri kuambiwa kama kuna kilichonunuliwa.

Mauzo yanavyoandikwa

Mpango wa afilieti wa Amazon, unaoitwa Associates, ulianza mwaka 1996 na ni kati ya Amazon na wakala moja kwa moja. Mipango mingi mingine hupitia mtandao wa kati: CJ, Awin, Rakuten Advertising, Impact na mingineyo. Linki anayopewa wakala huko haiendi dukani moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye seva ya mtandao, ambayo inaandika kwamba kliki imetokea saa fulani kutoka kwa wakala fulani, inaweka alama ndogo kwenye kivinjari cha mteja, ile inayoitwa kuki, halafu inampeleka mteja dukani. Yote hayo hufanyika chini ya sekunde moja.

Mteja akishalipa, ukurasa wa kumshukuru kwa kununua unakuwa na kipande cha msimbo, wengi wanakiita pikseli, kinachoutaarifu mtandao: oda namba fulani imelipwa, thamani yake ni hii. Mtandao unatazama kama kivinjari hicho kina kuki ya wakala. Ikiwepo, kamisheni inaandikwa kwenye ripoti yako na hali yake inakuwa "inasubiri".

Pikseli hiyo inakaa kwenye tovuti ya duka na inatunzwa na mafundi wa duka. Duka likitengeneza upya tovuti yake, au likiongeza njia mpya ya kulipa inayompitisha mteja kwenye ukurasa mwingine, pikseli inaweza kuachwa nyuma. Mauzo yanaendelea. Duka halioni shida yoyote kwa sababu pesa zake zinaingia, na mtandao nao unachoona ni kwamba oda za duka hilo zimepungua. Anayeumia ni wakala, ambaye ukurasa wenyewe haufikii. Dalili yake ni ya wazi ukijua kuitafuta: kliki zinabaki pale pale, oda zinaanguka hadi sifuri au karibu na sifuri ndani ya siku moja, tena kwa duka moja tu huku maduka mengine yakiendelea vizuri. Mauzo yanayopunguzwa na msimu au ushindani hushuka taratibu.

Kuna pia mauzo yanayopita nje ya njia hiyo. Mteja anasoma makala kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, jioni ananunua kwenye kompyuta. Au anabonyeza linki, inamfungulia programu ya duka iliyomo kwenye simu, na programu hiyo haikuunganishwa na ufuatiliaji wa mtandao. Kwetu Afrika Mashariki ipo njia nyingine inayomeza kamisheni: mteja anaiona bidhaa kupitia linki yako, anachukua namba ya muuzaji, anamwandikia WhatsApp, wanaelewana bei, analipa kwa simu. Hakuna pikseli inayoweza kuliona hilo. Ukiwa unatangaza duka la hapa nyumbani linalopokea oda kwa simu, omba kuponi yenye jina lako badala ya kutegemea linki peke yake, maana mteja anayetaka punguzo ataitaja hata akipiga.

Siku 30 ambazo si siku 30

Kila mpango hutangaza umri wa kuki yake, yaani muda ambao mteja akinunua bado anahesabika kuwa wako. Amazon hutoa saa 24 tu, ingawa bidhaa iliyoingizwa kwenye kikapu ndani ya saa hizo inaweza kuhesabika kwa hadi siku 90. Mipango mingine hutoa siku 7, 30, hata 90.

Siku zinazotangazwa ni ahadi ya mkataba, na kivinjari cha mteja hakifungwi na mkataba huo. Apple ilianza kubana kuki za ufuatiliaji kwenye kivinjari chake, Safari, mwaka 2017. Mwaka 2019 ikapunguza umri wa kuki zinazowekwa kwa JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, hadi siku 7, na Machi 2020 ikazuia kabisa kuki zinazowekwa na tovuti ambayo mteja hakuifungua mwenyewe. Kivinjari cha Firefox kilianza kuwazuia wafuatiliaji kwa watumiaji wake wote mwaka 2019. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba kivinjari chake, Chrome, kingefuata, ikaahirisha tena na tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Kwa hiyo mpango unaoahidi siku 30 unaweza kuwa wa siku 30 kwa msomaji wa Chrome, na wa siku 7 au pungufu kwa msomaji wa iPhone. Kama unaandika kwa ajili ya Watanzania na Wakenya walioko Marekani, Ulaya au Ghuba, wenye iPhone ni wengi miongoni mwao, na tofauti hiyo ni pesa halisi.

Dawa ipo, na si ngeni. Linki inabeba namba ya kliki, duka linaitunza namba hiyo pamoja na oda, na seva ya duka inaitaarifu seva ya mtandao moja kwa moja bila kutegemea kivinjari. Mitandao mikubwa inatoa huduma hiyo. Anayepaswa kugharamia mafundi wa kuiweka ni duka, na maduka mengi hayana haraka, kwa kuwa kamisheni isiyoandikwa ni gharama ambayo hayakuilipa. Sisemi wanafanya makusudi; nasema hakuna kinachowasukuma. Kabla ya kujiunga, muulize meneja wa mpango, anayesimamia mawakala wa duka: mauzo mnayaripoti kutoka seva hadi seva, au mnategemea pikseli tu? Anayeijua kazi yake hatababaika na swali hilo.

Mauzo yako, jina la mwingine

Mitandao mingi hufuata kanuni ya kliki ya mwisho: mteja akipitia kwa mawakala watatu, aliyemgusa mwisho kabla ya kulipa anachukua kamisheni yote, na wawili wa mwanzo hawapati kitu. Kanuni hii ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Haikuchaguliwa kwa sababu ni ya haki.

Ubaya wake ulionekana hadharani kupitia Honey, programu jalizi ya kivinjari inayotafuta kuponi wakati mteja anataka kulipa. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, iliinunua kwa takriban dola bilioni 4, na ununuzi ulikamilika Januari 2020. Desemba 2024 uchunguzi uliorushwa YouTube ulidai kwamba mteja aliyefika ukurasa wa malipo kupitia linki ya mtu mwingine akibonyeza kidirisha cha Honey, hata pale ambapo hakuna kuponi iliyopatikana, kuki ya aliyemleta hubadilishwa na kuwekwa ya Honey. Ndani ya wiki chache watengeneza maudhui wa Marekani walikuwa wamefungua kesi California. PayPal ilijibu kwamba Honey inafuata kanuni za sekta, ikiwemo ya kliki ya mwisho.

Jibu hilo lilinisikitisha kuliko madai yenyewe, kwa sababu linaonyesha kanuni ilivyo. Kanuni haiulizi nani alikesha akiandika makala ya kulinganisha jiko moja na jingine hadi msomaji akaamua. Inauliza nani aligusa kivinjari mwisho, na anayesubiri kwenye ukurasa wa malipo atakuwa wa mwisho kila siku. Machi 2025 Google ilibadilisha masharti ya programu jalizi za Chrome na kukataza kuingiza linki za afilieti bila manufaa ya moja kwa moja kwa mtumiaji. Ni hatua ya maana, ila inahusu Chrome tu, na kanuni ya kliki ya mwisho bado ipo.

Kwenye ripoti yako hasara ya namna hii haina mstari wake. Utaona kliki nyingi na oda chache, basi. Unachoweza kufanya ni kulinganisha: maduka yanayoonyesha kisanduku cha kuponi kwenye ukurasa wa malipo, na yale yasiyo nacho, kwa makala zinazofanana. Ukiona tofauti kubwa isiyoelezeka kwa bei wala bidhaa, mwulize meneja wa mpango kama tovuti na programu za kuponi zinalipwa kamisheni hata pale wakala mwingine alipomleta mteja kwanza. Maduka yanaruhusiwa kuweka sharti la kuwazuia, na baadhi yameliweka.

Ni haki pia kusema kwamba mawakala nao wameiba, na wizi wao ndio uliofanya maduka yawe na mkono mzito. Wakala mkubwa kuliko wote wa eBay, Shawn Hogan, alilipwa kamisheni ya takriban dola milioni 28 kabla eBay haijamshtaki mwaka 2008. Mbinu yake ilikuwa kujaza kuki kwenye vivinjari vya watu waliofungua tu kurasa zenye msimbo wake, bila wao kubonyeza linki yoyote. Wengi wao wangenunua eBay hata hivyo, na kila waliponunua, yeye alilipwa. Alikiri kosa la ulaghai, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi 5. Kwa miaka yote hiyo ripoti zilimwonyesha kuwa ndiye anayeleta wateja kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu hapo, wakala mpya ambaye mauzo yake yanapanda ghafla anaangaliwa kwa jicho la shaka, na mwenye nia njema anazuiliwa malipo pamoja na mwizi.

Zile dola 78 zilizofutwa

Turudi kwenye mfano wetu. Katika zile 340, tuseme dola 78 zilifutwa. Kamisheni inayosubiri si deni bado. Duka hujipa muda, mara nyingi siku 30 hadi 90, wa kuona kama mteja atarudisha bidhaa, kama kadi iliyotumika ni ya wizi, kama oda ilighairiwa. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha kwa sababu hiyo. Mauzo ya Novemba hurudishwa kwa wingi kuliko ya miezi mingine, kwa kuwa watu hununua kwa pupa wakati wa mapunguzo kisha wanabadili mawazo. Kwa hiyo ufutaji peke yake si uovu.

Kwenye safari na hoteli muda ni mrefu zaidi. Anayeandika kuhusu Zanzibar au Serengeti na kuweka linki za Booking.com anajua kwamba mgeni akihifadhi chumba Januari kwa ajili ya Agosti, kamisheni haihesabiki mpaka mgeni alale na kuondoka. Katikati yoyote linaweza kutokea. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilipofilisika tarehe 23 Septemba 2019, safari zilizouzwa kwa miezi ya mbele zilifutwa, na katika utaratibu wa aina hii kamisheni hufa pamoja na safari. Machi 2020, korona ilipofunga mipaka, waandishi wa utalii waliziona ripoti za miezi kadhaa zikifutika kwa pamoja.

Tatizo linaanzia kwenye sababu zinazoandikwa. Mitandao mingi inamruhusu mwenye duka kufuta kamisheni kwa kuchagua neno moja kwenye orodha: imerudishwa, imerudiwa mara mbili, haikidhi masharti. Hilo la mwisho linaweza kumaanisha mteja hakuwa mpya na mpango unalipia wateja wapya tu, au alitumia kuponi isiyo ya mawakala, au bidhaa haimo kwenye orodha ya zinazolipiwa. Wakala haoni lolote kati ya hayo. Hapa ndipo duka lisilo mwaminifu linapoweza kujificha, kwa kufuta sehemu ndogo ya kamisheni kila mwezi likijua kuwa hakuna atakayedai risiti ya oda moja moja.

Usibishane juu ya oda moja. Hesabu asilimia. Duka la nguo litakuwa na marejesho mengi kuliko duka la programu za kompyuta, hivyo linganisha duka na wenzake wa aina moja, miezi mitatu au minne mfululizo. Duka moja likifuta theluthi ya kamisheni zako wakati wenzake wa aina ile ile wanafuta sehemu ndogo tu, una hoja, na hoja hiyo ipelekwe kwa mtandao badala ya duka. Mtandao hupata sehemu yake kutokana na kamisheni zilizolipwa, kwa hiyo ufutaji uliozidi unaupunguzia na wenyewe.

Dola 52 zilizoidhinishwa na kukwama

Hili huwachanganya wengi: kamisheni imeidhinishwa, hali yake inasomeka vizuri, malipo yanakuja bila hiyo. Sababu ni kwamba mtandao wa kati kwa kawaida haukopeshi. Unalipa ukishalipwa. Maduka mengine huweka amana mapema, kama ilivyokuwa kwenye mtandao wa ShareASale, ambao Awin iliununua mwaka 2017: salio la duka likishuka mno, mpango wake ulizimwa kwa muda na mawakala walitaarifiwa. Mengine hutumiwa ankara kila mwezi, na ankara hizo huchelewa. Duka likifilisika wakati huo, masharti ya mitandao mingi yanasema hasara ni ya wakala, na kamisheni uliyoidhinishiwa inabaki deni kwa kampuni iliyokufa.

Kwa hiyo tafuta kwenye ripoti sehemu inayotenganisha kilichoidhinishwa na kilicholipwa na duka. Duka linalochelewa mwezi mmoja huenda limekosea. Likichelewa miezi miwili mfululizo, mimi ningeziondoa linki zake bila kusubiri maelezo, kwa sababu kila siku unayoendelea kulitangaza unalikopesha.

Viwango vya chini vya malipo vinakwamisha pesa kwa namna nyingine. Amazon hulipa kuanzia dola 10 kwa njia ya benki au kadi ya zawadi, na dola 100 kwa hundi. Pia huifunga akaunti mpya isiyofikisha mauzo 3 ndani ya siku 180. Mtandao wa ClickBank kwa miaka mingi umedai mauzo yatoke kwa wanunuzi tofauti kabla ya malipo ya kwanza. Mtu aliyejiunga na mitandao sita anaweza kuwa na dola 15 kila sehemu na asipate hata moja mkononi. Kwa anayeanza, mitandao miwili inatosha kabisa.

Dola 12 za njiani

Sehemu hii inamhusu msomaji wa Kiswahili kuliko mwingine yeyote. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Kenya ilipata njia ya kuhamisha pesa kutoka PayPal kwenda M-Pesa mwaka 2018. Waliobaki hutegemea Payoneer, huduma ya kupokea pesa kutoka nje, au uhamisho wa benki, au hundi inayosafiri wiki kadhaa kisha kusubiri wiki nyingine benki. Kila hatua ina ada, na kiwango cha kubadilishia dola huwa chini ya kile unachokiona kwenye habari.

Njia moja peke yake ni hatari. Tarehe 26 Juni 2020, baada ya kampuni ya malipo ya Kijerumani ya Wirecard kukiri kwamba euro bilioni 1.9 hazijulikani zilipo, mamlaka ya fedha ya Uingereza ilisimamisha shughuli za tawi lake lililotoa kadi za Payoneer. Watu duniani kote waliamka na kadi zisizotoa pesa. Zuio liliondolewa tarehe 30 mwezi huo huo, lakini siku hizo zilitosha kumfundisha mwenye kodi ya nyumba ya kulipa maana ya kuweka kila kitu mahali pamoja.

Mara nyingi zaidi kinachozuia malipo ni jina. Kitambulisho cha taifa kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na mtandao uliujazia jina la tovuti. Mfumo unaona watu watatu. Anwani nayo: sisi wengi tuna sanduku la posta, na fomu inadai jina la mtaa na namba ya nyumba. Kabla ya kuanza kutangaza chochote, hakikisha jina linasomeka sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye kitambulisho, benki, Payoneer na mtandao.

Kodi usiisahau. Kampuni za Marekani humtaka wakala aliye nje ajaze fomu W-8BEN. Asipoijaza, malipo yanaweza kusimamishwa au kukatwa hadi asilimia 30. Fomu hiyo hufikia mwisho mwaka wa tatu baada ya ule iliosainiwa, na malipo yaliyosimama ghafla baada ya miaka mitatu ya utulivu mara nyingi ni hilo tu. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, na imeitaja kamisheni ya afilieti waziwazi.

Kamari, ambako ripoti haisomeki kabisa

Vijana wengi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaingia biashara hii kupitia kampuni za kubashiri mechi. Huko wakala mara nyingi haangaliwi kwa mauzo. Hupewa sehemu ya kile wachezaji aliowaleta walichopoteza, baada ya kampuni kutoa bonasi, kodi na "gharama". Gharama hizo huzioni. Wachezaji huwaoni. Na mikataba mingi ina kifungu cha kubeba deni: mchezaji wako akishinda shilingi milioni moja na sehemu yako ni asilimia 30, unaandikiwa hasi laki tatu. Mwezi unaofuata ukiingiza laki mbili na nusu, hupati kitu, na bado unadaiwa elfu hamsini.

Nasema wazi kwamba sipendi biashara hii, kwa kuwa kipato cha wakala ni hasara ya rafiki zake. Lakini hata anayeiridhia anapaswa kujua kwamba hakuna ripoti ngumu kuihakiki kama hii. Kama kifungu cha kubeba deni kipo, kiwango kikubwa cha asilimia ulichoahidiwa hakina maana uliyodhani.

Daftari la upande wako

Huwezi kuiona oda ndani ya duka, lakini unaweza kuandika kila kinachotokea kabla ya mlango. Karibu kila mtandao unaruhusu kuongeza alama yako mwenyewe kwenye linki. Weka alama tofauti kwa kila makala, na ikiwezekana kwa kila sehemu ya makala. Hesabu kliki zinazotoka kwenye tovuti yako kwa chombo chako mwenyewe. Tofauti ndogo kati ya hesabu yako na ya mtandao ni kawaida, kwa sababu mtandao huondoa roboti na kliki za kurudia; tofauti ya nusu kwa nusu si kawaida. Pakua ripoti kamili kila mwisho wa mwezi na uihifadhi, kwa sababu hali ya oda hubadilika na ripoti ya leo haitakuonyesha ilisomekaje mwezi uliopita.

Angalia saa. Baadhi ya ripoti za Marekani hutumia saa za California, zilizo nyuma yetu kwa saa 10 au 11. Oda ya Dar es Salaam ya saa 4 asubuhi tarehe 1 Desemba, kule bado ni saa 5 usiku wa Novemba 30. Mengi ya madai ya "mauzo yangu ya tarehe moja hayapo" yanaishia hapo. Ukiandika barua, taja saa kwa mfumo wa UTC (saa za kimataifa) wa saa 24, ili msomaji wa upande wa pili asiichukue saa 4 yetu kuwa alfajiri.

Kununua mwenyewe kupitia linki yako ili kujaribu ni kosa katika mipango mingi; Amazon inakataza, na akaunti hufungwa. Mwombe meneja wa mpango afanye oda ya majaribio kupitia linki yako huku ukitazama kama inaandikwa. Au msomaji anayekuamini, aliyenunua kweli, akupe namba ya oda na tarehe. Namba tatu za oda halisi zisizoonekana kwenye ripoti zina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Dai lenyewe liwe fupi: jina la duka, kipindi, kliki kwa hesabu yako na kwa hesabu yao, namba za oda, na ombi moja lililo wazi. Litume mapema, kwa kuwa masharti mengi huweka muda wa mwisho wa kulalamika, na karibu yote husema kumbukumbu za mtandao ndizo zitakazohesabika kuwa sahihi na kwamba kesi isikilizwe kwenye mahakama ya nchi yao. Mtu wa Morogoro hatakwenda California kudai dola 78, na waliouandika mkataba wanalijua hilo. Nguvu aliyonayo ni wasomaji wake. Dai lisipojibiwa ndani ya wiki mbili, ondoa linki za duka hilo kwenye makala zako tano zinazosomwa zaidi, weka za mshindani wake, kisha mwandikie meneja umueleze tarehe uliyoziondoa na idadi ya kliki alizokuwa akipata kwa mwezi kutoka kurasa hizo.